Treni za Tabora Zilichoma Mafuta

Mwanangu Raya,

Salamu tumeshapeana asubuhi mezani, kwa hiyo hapa sirudii. Naandika baada ya laasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Kuriyati kumuaga shangazi yako, nami nimeachiwa nyumba nzima ya Ansab peke yangu. Mambo ya sweta, na dawa ya kifua, na nyama ipi ule huko Uingereza na ipi usile, mama yako keshayasema mara saba, na ya nane atakwambia uwanja wa ndege. Hayo mimi siyajui. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia miaka kumi na miwili, na kesho unaondoka.

Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu alinipata madarasa manne tu, kisha reli ikanichukua. Kaka yako alisema nimtajie maneno yeye aniandikie kwenye simu, nikamkatalia. Haya si maneno ya kupitia kwa mtu. Yalishawahi kupitia kwa mtu mara moja, na mtu huyo ulikuwa wewe.

Kwanza niseme yaliyo kweli, usije ukadhani baba yako kila kitu chake ni uwongo. Hapana mtu Maskati hii mwenye treni ndogo za mfano kama zangu. Wako matajiri, najua, wanaletewa kasha zima limefungwa, wanaliweka kabatini nyuma ya kioo na taa juu yake. Hao wana vitu, hawana reli. Mimi nilianza na kichwa kimoja tu cha treni, alichoniachia yule mhandisi Mzungu wa barabara alipokuwa anarudi kwao, maana gari yake niliifufua mimi pale gereji yangu ya Wadi Kabir, baada ya mafundi watatu kumwambia akaitupe. Leo nina vichwa kumi na tisa. Na lile jitu jekundu la Tabora, lenye mafungu mawili ya magurudumu, mbele na nyuma, sikulinunua popote, maana hakuna aliyekuwa akiliuza. Nililikata mwenyewe kwa bati, nikalichomelea, nikalipaka rangi mara nne mpaka ikawa ile yenyewe. Alikuja mtu kutoka Dubai kulitazama, akakaa kimya dakika nzima. Mtu wa Dubai, kimya!

Na kazi ile tuliifanya wawili. Ulikuwa na miaka sita ulipoanza kunikatia mataruma, vile vibao vya kulalia reli, kwa njiti za kibiriti. Ulikuwa unaondoa vichwa vya njiti kwa mkasi wa mama yako wa kushonea, naye anapiga kelele, "Mkasi wangu umekuwa butu, nnashonea nini mie?" na wewe hata hugeuki. Reli yote inayozunguka chumba kile cha treni, kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi, imelala juu ya mataruma yako. Kisha ulikuwa unasimama kwenye kiti unapuliza filimbi, unanadi, "Abiria wa Mwanza! Abiria wa Mwanza, panda!" na treni haiondoki mpaka wewe useme. Mimi mtu mzima, ndevu nyeupe, nangoja ruhusa ya mtoto. Sijapata kuwa na raha kama ile.

Basi tukiwa kwenye kazi ile ndipo nilipokuwa nakuhadithia. Jinsi baba yako alivyokuwa dereva wa treni Tabora. Jinsi mimi na mwenzangu tulivyotia makaa kwa beleshi, tani kwa tani, uso mweusi, mgongo unatoka moshi, mpaka Mwanza. Jinsi simba alivyolala relini nikampigia honi mara tatu akaondoka kama mtu aliyeudhiwa. Ulikuwa unauliza, "Beleshi lilikuwa zito kiasi gani, baba?" nami nakwambia, zito kama wewe.

Raya, mimi sikuwa dereva.

Nimeliandika hilo nikainuka nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi, naendelea.

Tabora nilikuwa mfutaji. Kichwa kikiingia kutoka Kigoma kimejaa vumbi na masizi, kinapelekwa karakana, na sisi vijana tunakipanda kama mchwa, na matambara yetu na mkebe wa mafuta ya taa, tunafuta. Magurudumu, mikono ya chuma, tumbo, chini kwenye uvungu ambako mtu mzima hapiti. Miaka sita nilifuta. Kuendesha niliendesha mara moja. Mzee Kasanda, dereva mwenyewe, Mnyamwezi, mtu wa maneno machache, aliniita siku moja akaniambia, "Wewe Mwarabu, njoo ushike hapa." Akaniwekea mkono juu ya mkono, tukakitoa kichwa karakana mpaka kwenye bomba la maji. Si mbali. Ni kama kutoka hapa nyumbani mpaka msikitini. Akaniambia, "Haya, shuka ukafute." Udereva wangu wote ndio huo.

Na makaa hayakuwepo, hata punje. Treni zetu zilikuwa zinachoma mafuta mazito, yale meusi. Kila mtu aliyepita Tabora anajua. Beleshi nililitia mwenyewe, kwa sababu nilipoanza kuhadithia niliona hadithi ya mafuta haina utamu. Unafungua kilango, moto unaunguruma, basi, mtoto analala. Nikatia beleshi kama mtu anavyozidisha iliki. Kisha miaka ikapita, nikawa naliona beleshi lenyewe machoni mwangu, na mpini wake.

Utaniuliza kwa nini. Tulipohamia hapa Maskati, ujanani mwangu, kila aliyetoka kule alikuwa anaulizwa swali moja: ulikuwa nani? Huyu anasema mwalimu, huyu karani, huyu alisoma mpaka wapi sijui, na kila mmoja anapata kiti chake. Watu wa Unguja hasa, mama yako asinisikie, walikuwa wakituona sisi wa bara kama tumeshuka mtini jana. Nikaulizwa mimi. Nikasema, dereva wa treni. Ikapita, Raya! Nchi haikuwa na hata taruma moja, nani atanisahihisha? Nilipokwenda kuposa, babu yako aliuliza, "Dereva wa treni nzima?" nikamwambia, nzima na mabehewa yake. Akanipa binti yake. Uwongo ukishakupatia mke ni vigumu kuufukuza nyumbani.

Katika Tabora nzima iliyohamia huku walikuwa wawili watatu tu walionijua, na Nassor ndiye mmoja wao. Nassor alinyamaza, ila kila nikianza kuhadithia barazani anakohoa.

Sasa twende India.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Goti la mama yako lilikuwa limeshatibiwa, daktari amesema apumzike wiki moja kabla ya ndege, nami nikasikia kuwa siku moja ya gari kutoka pale hospitali kuna reli ya mlimani ya zamani, kichwa cha mvuke hasa, wanakiwashia wageni. Mama yako akasema, "Mtu ana goti jipya, wewe unampandisha mlima?" Nikasema tunakwenda. Unanijua nikisema tunakwenda. Tukafuatana na Khalfan na mkewe, wale wa Maskati tuliokutana nao hospitali.

Unakikumbuka kile kichwa? Kidogo, cha buluu, kinapumua. Nilipokisikia tu, harufu ile, mvuke na chuma cha moto, nikawa kijana wa karakana tena. Nilisahau nina miaka mingapi. Nikakwambia, "Mwambie dereva mimi ni mwenzake. Mwambie nimeendesha Tabora miaka sita." Ukamwambia. Wewe ndiye uliyekuwa ulimi wangu safari nzima ile. Kwa daktari, hotelini, sokoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja, hukukosea hata siku moja. Yule dereva, mwenye masharubu ya mvi, akakunjua mikono kama aliyempata ndugu. Akatupandisha juu, mimi na wewe, mbele ya tanuri. Mama yako na kina Khalfan wakasimama chini wanatutazama, na watalii wengine nyuma yao.

Akasema, ami yake alifanya kazi Tabora, kwenye hizo hizo treni. Ukanifasiria. Ningekuwa na akili ningeshuka hapo hapo. Mimi nikazidi. Nikakwambia, "Mwambie tulikuwa tunatia makaa mengi kwa beleshi kuliko haya yenu." Ukamwambia. Akanitazama. Akasema kitu kwa upole, akitabasamu, nawe ukanigeukia na uso wako safi kabisa, ukasema:

"Baba, anasema treni za Tabora zilikuwa zinachoma mafuta. Ami yake alimwambia makaa hayakuwepo."

Ungeweza kusema polepole. Hukujua kama kuna haja. Ulisema kama ulivyokuwa unanadi abiria wa Mwanza, wakasikia wote.

Nikakwambia, "Hujafasiri sawa."

Ukasema, "Nimefasiri alivyosema, baba."

"Hujui wewe! Kiingereza chako cha kubahatisha. Hiyo shule inakufundisha nini? Shuka."

Ukabaki pale pale.

"Nimesema shuka!"

Ukashuka. Mimi nikabaki juu. Dereva aliona kuna jambo, akataka kunifurahisha, akanishika mkono akaupeleka kwenye kamba ya honi, nikaivuta. Honi ikalia bonde zima, watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka. Nilikutazama hapo chini. Ulikuwa umetazama viatu vyako.

Kwa muda wa saa tatu tulipanda mlima ule. Mahandaki ya miambani, madaraja, mashamba ya chai kote, kitu nilichokingoja maisha yangu yote, na mwanangu amekaa mbele yangu behewani amegeukia dirisha. Mama yako akakupa karanga, hukutaka. Mimi nilikuwa namweleza Khalfan jinsi breki zinavyofanya kazi.

Nataka ujue kuwa nilijua. Si kwamba sikufahamu Kiingereza nikadhani kweli umekosea. Neno la mafuta nililisikia kwa yule dereva kabla hujafungua kinywa. Nilijua umefasiri sawa, na nilikwambia umekosea.

Tuliporudi hukuja tena chumba cha treni. Nilidhani una hasira, nikasema zitapita, na mimi si mtu wa kumfuata mtoto. Ndivyo nilivyojiambia. Njiti ulizokuwa umeziacha kwenye kikombe nikazipanga mwenyewe, zikapinda. Mwaka ule ule mwalimu wako alituma barua, kwamba umechaguliwa kusema kwa Kiingereza mbele ya wazazi, siku ya kufunga shule. Nikakuuliza mbona umekataa. Ukasema, bila hasira, kama mtu anayesema leo kuna joto, "Kiingereza changu cha kubahatisha, baba." Neno langu mwenyewe. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu, mlango wazi kabisa. Nikasema, "Basi, kama hutaki."

Nimefanya makosa mengi, Raya. Nimewahi kumfukuza fundi kazi bure, nimegombana na ndugu yangu kwa ajili ya ukuta. Lakini ukiniuliza lipi, ni lile la kikombe cha kahawa. Siku ya treni nilikuwa nimebanwa, na mtu aliyebanwa hurusha mikono ikampata aliye karibu. Siku ya kahawa sikubanwa na mtu. Nilikuwa nyumbani kwangu nimekaa.

Nilifikiri uwongo wangu ni mzigo wangu peke yangu. Siku zote nilikuwa naubeba, nasema haumdhuru mtu, ni treni tu, mambo ya zamani, nchi nyingine. Kumbe nilikuwa nimekutwika wewe upande mmoja. Mimi mwongo nilitembea kifua mbele, na wewe msema kweli ukawa unajitilia shaka.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa napita jikoni, nikakusikia unamwambia mama yako, "Huko wakiniuliza kitu kwa haraka, nitafahamu kweli? Afadhali ningemwachia mwengine nafasi." Mtu aliyechaguliwa akasomee ishara za reli, na wenyewe wa chuo wameipenda karatasi yako ya maombi! Reli ndiyo hiyo wanaitandaza kule Sohari, wanakungoja urudi, na wewe unataka kumwachia mwengine. Nikarudi nyuma kama mwizi. Nikajua ile sauti imetoka wapi.

Nikamwambia mama yako yote, usiku ule. Udereva, beleshi, yote. Nakwambia kweli, nilidhani miaka arubaini na kitu ya ndoa imekwisha. Aliendelea kukunja nguo.

"Mie sikuolewa na treni," akasema. "Uwongo wako huo nnaujua toka Nassor anakohoa. Lakini mtoto! Ulimwambia mtoto hajui, na wewe unajua anajua?"

Nikasema ndiyo.

Akaacha kukunja. "Basi usinambie mie. Kamwambie mwenyewe."

Nikamwambia nitakwambia. Nikapita mlango wa chumba chako siku kumi.

Kisha nikafikiri, nilikuvunja mbele ya watu, nikikuomba radhi pembeni itakuwa nusu. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya chakula, barazani kwetu, Nassor yupo, Khalfan yupo, na wengine wale wote unaowajua, nikasema nina neno. Nikawaambia sikuwa dereva, nilikuwa mfutaji. Nassor akakohoa, mara hii kwa kicheko, akasema, "Na mfutaji mzuri, wallahi! Kichwa ukikifuta wewe unajitazama ukanyoa ndevu." Neno lile lilinipendeza kuliko honi zote nilizojipigia. Miaka yote ile nilikuwa na kazi ya kujivunia, kweli tupu, na mashahidi wapo, nikaifunika kwa ya mtu mwengine.

Kisha nikamgeukia Khalfan. Nikamwambia, "Unakumbuka India? Yule mtoto alifasiri sawa."

Khalfan akasema, "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Yakhe, Kiingereza si tunakijua? Mimi na mke wangu tulimsikia yule dereva. Mtoto alifasiri neno kwa neno. Tulikuonea haya wewe, tukanyamaza."

Nikakaa. Umeona, mwanangu? Pale chini walikuwa wamesimama watu wazima wanaojua uko sawa, na hakuna aliyekwambia, wote wakimstahi mzee. Mimi nilihifadhiwa heshima yangu. Yako ilikuwa imelala pale kwenye mawe ya reli, hakuna aliyeinama kuiokota.

Basi naiokota mimi leo, nimechelewa, mgongo unauma. Ulifasiri sawa. Siku ile, na kwa daktari, na hotelini, na kila mahali. Huko uendako watakuambia umekosea, na mara nyengine utakuwa umekosea kweli, utasahihisha, hakuna aibu. Lakini akikwambia mtu hujui huku macho yake hayakutazami wewe, yanatazama watu, mtazame vizuri. Huenda ana treni yake ya kuficha. Mimi ni bingwa wa mambo hayo, hapana aliyenishinda Maskati nzima, kwa hiyo niamini.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Nilifikiri kuitia hii ndani ya sanduku lako uikute huko mbali. Nikaona huo ni ujanja uleule wa kubaki juu wewe uko chini. Mkirudi kutoka Kuriyati nitakupa mkononi, nitakaa kwenye kiti mbele yako mpaka umalize kusoma. Sitakatiza. Hilo peke yake ulihesabu kama zawadi, unajua linavyonigharimu.

Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa sauti, mama yako na kaka yako wasikie, na majirani ukipenda, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, vyote nitafahamu. Ndege yako ni kesho baada ya isha. Tuna usiku huu na siku nzima, na mimi siendi popote.

Baba yako,
Seif